Mama Mkwe Sikumkumbatia, Ulikuwa Umeme

Najua mmeshapata habari kutoka kwa Injinia. Imezunguka makundi yote ya simu ya hapa Bombo, Uganda, imefika mpaka kwa shemeji yangu aliye Dubai, naye kanitumia vicheko bila hata salamu. Eti nimechomoka kwenye karavani na kaptula, nikamkumbatia mama mkwe mvuani, tukaanguka wote wawili. Ni kweli tupu. Ila msimulizi wenu karuka jambo moja dogo: nani alifunga ile soketi.

Karavani langu mnalijua, lile jeupe la Kiingereza, la kuvutwa na gari, aliloniuzia mzungu mmoja aliyechoka na safari. Mpango ulikuwa kukaangia chipsi kando ya barabara ya Gulu. Halafu wakwe wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kumwona mtoto, na watalala. Walale wapi? Kwa Baganda mama mkwe halali kwa mkwewe, hata nyumba iwe na vyumba kumi. Mke wangu akachungulia dirishani, akasema, "Ile si nyumba. Ina magurudumu." Nilioa mwanasheria bila kujua.

Basi karavani likahitaji umeme. Plagi yake si hizi zetu za pini bapa. Ni ya buluu, pini tatu nene za mviringo, ampea 16. Soketi ya kulingana nayo niliipata Kampala. Fundi wa kweli alinitajia waya wa nyuzi tatu, wa milimita za mraba 2.5, na nondo ya shaba ya kupigilia ardhini kwa ajili ya ethi, ule waya wa kinga unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Injinia, ambaye ujuzi wake unajulikana ni redio na simu zilizokufa, akasema huo ni ulaji. Yeye alikuwa na waya wa nyuzi mbili, umebaki kwenye kazi fulani. Na tundu la tatu? "Ethi na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, zote zinakutana ardhini kule kwenye transfoma," akanifundisha, akakata kipande kifupi cha waya na kuziunganisha humo humo ndani ya soketi. Mimi nilikuwa nimeshika tochi na kuitikia ndiyo, ndiyo.

Nyuzi zote mbili zilikuwa nyeusi. Likumbukeni hilo.

Akajaribu kwa balbu, ikawaka. Friji ya karavani ikanguruma. Tukapeana mikono.

Jioni wakwe wakafika, nami ndani ya kanzu na koti kama inavyotakiwa. Mvua nayo ikafika. Nikakimbia na mablanketi kwenda kutandika kule karavanini. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia kwa kuruka ili nisilete matope, ndiyo maana wakati wa kuingia sikusikia kitu.

Kutoka sasa. Mkono wa kushoto umeshika fremu ya mlango, alumini. Mguu wa kulia, ndara imelowa chepechepe, unashuka polepole kwenye nyasi zilizojaa maji. Kidole gumba kikafika majini. Jamani. Kitu kilinishuka kutoka begani mpaka kisiginoni, meno yakagongana, na nilipopata akili nilikuwa nimekaa sakafuni ndani ya karavani, nakikagua kiganja kama bado kina vidole vyote.

Nikasema hapana, mimi ni mtu mzima, nitumie akili. Nikazima swichi kuu ya karavani, ile yenye kinga ya miliampea 30 ya kukata umeme ukivuja, ambayo ningeiapia hata mbele ya kadhi. Taa zikazimika, friji ikanyamaza. Nikateremsha kidole tena. Ikanipiga tena! (Waliosoma fizikia tulieni, jibu linakuja.) Usiku ule nilichojua ni kwamba ndani haipigi, nje haipigi, inapiga katikati. Ukiwa ndani, kila chuma kina umeme uleule na uko juu ya matairi ya mpira, unaweza hata kunywa chai. Ukigusa ardhi huku umeshika karavani, wewe ndiye ethi mliyokataa kuinunua.

Simu iko sebuleni. Nikipiga kelele, mvua iko juu ya mabati, hakuna anayesikia. Kupitia dirisha namwona Injinia anajiongezea matooke na mchuzi wa karanga.

Mara mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe. Gomesi ya njano, lile gauni refu la heshima lenye mshipi, mwavuli, mkoba begani. Anakuja kulala.

Msio Baganda nisikilizeni hapa. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Mkono hampeani, yeye anakaa mkekani upande wake, wewe unapita mbali. Ukivunja mwiko, wazee wanasema utashikwa na buko: mikono itatetemeka mpaka unazikwa. Tangu nioe sijamkaribia mama yule kuliko urefu wa meza ya kulia.

Naye huyo, ananyoosha mkono kwenye kitasa.

"USIGUSE! RUDI NYUMA!"

Kwa Kiswahili. Mimi mtoto wa kambi, nikishtuka inatoka sauti ya marehemu baba kwenye gwaride. Na mama mkwe Kiswahili hakijui, ila kwa mtu wa Luweero wa umri wake, aliyeiona vita ya miaka ya themanini, Kiswahili cha kufokewa gizani ni cha askari wa rodibloko. Akafanya kile miaka ile ilichomfundisha: akaachia mwavuli, akainua mikono yote miwili, akasimama wima palepale, hatua moja kutoka mlangoni.

Nami nilikuwa nimeshaamua. Njia ya kutoka ilikuwa moja: miguu yote miwili iliache karavani kwa pamoja, kabla sijagusa chini, mikono isishike kitu. Chura kabisa. Nikajikunja, nikasema bismillahi, nikaruka.

Hewani nilipata muda wa kuona mengi. Niliona mwavuli unabingirika kuelekea kwa kuku. Niliona yuko karibu kuliko nilivyopima. Nikasikia trrraaa nyuma yangu: pindo la kanzu limenasa kwenye kitasa. Nusu ya chini ya kanzu ikabaki mlangoni na heshima yangu, nusu ya juu na koti vikaendelea na safari, na katikati yake kaptula ya Arsenal. Nikatua kwenye matope. Miguu ikaenda kushoto, mwili ukaenda mbele, mikono ikatafuta cha kushika.

Cha kushika kilikuwa kimoja.

Tulikwenda chini taratibu, kwa adabu kabisa, yeye bado kainua mikono. "Bannange," yaani jamani, alisema karibu na sikio langu. Si kwa kelele. Alisema tu. Nilipoinuka, mshipi wa gomesi yake ulikuwa mkononi mwangu.

Na mvua, haina aibu, ikakatika hapo hapo. Wakatoka wote: baba mkwe, mke wangu na mtoto, ssenga, yaani shangazi wa mke wangu, Injinia na sahani yake. Wananitazama. Na mimi nimesimama pale natetemeka mikono yote miwili, maana mtu aliyepigwa na volti 240 mlitaka afanye nini? Ssenga akaiangalia ile mikono, akajiziba mdomo, akasema, "Buko!"

"Ni umeme!" nikalia. "Ni umeme!"

Injinia akameza tonge, akalitazama karavani. "Umeme gani? Si taa zimezimwa?"

Mengine nayapitia haraka. Wakwe walilala kwa jirani. Asubuhi fundi wa kweli akafungua boksi la nyumbani, akacheka mpaka akakaa chini: zile nyuzi nyeusi zilibadilishana mahali, kwa hiyo laivu, waya wenye umeme, ikaingia kwenye tundu la nyutro, na kile kipande cha mhadhiri wetu kikaipeleka moja kwa moja kwenye bodi la karavani. Balbu haijali waya upi ni upi, inawaka tu. Swichi ya ndani inakata zile mbili, ethi haiigusi. Tukapigilia nondo, tukanunua waya wa nyuzi tatu, nikalipa bila kuuliza bei. Ssenga kanitoza jogoo na gomesi mpya. Mikono ilitulia kabla ya chakula cha mchana, lakini hilo hakuna kundi lililolitangaza. Mama mkwe ametuma ujumbe kupitia kwa binti yake kwamba akija tena atalala hotelini, na bili iletwe kwangu.

Injinia naye kapiga simu jana. Anataka arudishiwe waya wake.