Herufi Moja na Mimba ya Miezi Minane

Nilikwenda ofisi ya mfuko unaolipa mafao ya uzazi, yaani malipo ya likizo ya kujifungua, nikarudishwa kwa sababu ya herufi moja. Kadi ya kliniki ilikuwa imeandika jina langu bila "h" ya mwisho, kitambulisho kinayo. Nimesimama kaunta na tumbo la miezi minane, miguu imevimba hadi viatu vinabana, naambiwa, "Dada, hawa ni watu wawili tofauti." Nilitamani kumwambia ni kweli tuko wawili hapa, ila wa pili bado hajapewa kitambulisho.

Sina ugomvi na fomu. Mafao ya uzazi yanatoka kwenye michango ya watu, lazima yalindwe. Ninachokataa ni mjamzito kugeuzwa tarishi wa ofisi mbili. Michango yangu iko kwenye kumbukumbu za mfuko wenyewe. Mshahara wangu mwajiri anaujua hadi senti, maana ndiye anayeukata kila mwezi. Kitu pekee ambacho lazima nikipeleke mimi ni karatasi ya daktari yenye makisio ya kujifungua. Basi kwa nini nilibeba bahasha nene kama ya kesi ya shamba?

Na hayo makisio nayo! Fomu inataka tarehe, tarehe kamili, kana kwamba mtoto ameweka miadi. Mwanangu wa kwanza alichelewa siku 9, na nikaambiwa siku hizo nimeshazila kwenye likizo yangu. Nilinyamaza kwa kutojua. Baadaye ndipo nikasoma Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000. Unasema likizo isipungue wiki 14, na 6 kati ya hizo ziwe za lazima baada ya kujifungua. Mtoto akichelewa kupita makisio, siku alizochelewa zinaongezwa kwenye likizo ya kabla ya kujifungua. Zile wiki 6 haziguswi. Si kila nchi imeuridhia mkataba huo, kwa hiyo usiende kuupigia meza ofisini kabla hujaangalia sheria ya kwenu. Lakini uangalie. Mimi sikuangalia.

Mkataba huohuo unataka malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, si mfukoni mwa mwajiri peke yake. Ukiwahi kukaa kwenye usaili ukaulizwa kwa tabasamu, "Una mpango wa kuzaa karibuni?" utaelewa mara moja. Bosi anayejua kila mimba atailipia yeye ataanza kuajiri kwa kuangalia matumbo. Hata mfuko ukilipa, bado anaweza kukukwamisha kwa njia rahisi zaidi: kutosaini. Fomu yangu ililala mezani kwake siku 11, chini ya kikombe cha chai. Iliporudi ilikuwa na duara la kahawia juu ya jina langu, hilohilo lenye "h".

Ukiniuliza, anza mapema, tumbo likiwa bado linafichika. Linganisha jina lako kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Tunza hati zako za mshahara, na usiache fomu kwa mtu yeyote bila nakala yako kugongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, hata akinuna. Akinuna, mwache anune.

Nami nilirudi kliniki. Nesi hakuuliza lolote. Alichukua kalamu, akaongeza "h", akasaini pembeni na kugonga mhuri. Hazikufika dakika mbili. Nikakimbilia kaunta, yaani kukimbia kwa mwendo wa bata, nikakuta kiti kitupu. Ofisa wa mafao yuko likizo, wakaniambia, nirudi wiki ijayo.