Mkasi wa Bati Uangalie Kwenye Nati

Anayenunua mkasi wa bati mara nyingi huanza na makali. Anapitisha kidole gumba, anaridhika, analipa. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka mkasi mmoja wenye mipini mizuri ya mpira ukanitia adabu. Makali yake hayakuwa na neno. Tatizo, taya zake zilikuwa zimeungwa kwa ribiti, yaani pini ya chuma iliyopondwa ncha. Haukupita muda ribiti ikalegea, taya zikaanza kuachana, na bati la geji 30 badala ya kukatika likawa linajikunja na kuzama katikati yake. Nikaunoa, ukazidi kutafuna. Ribiti haina pa kukazia. Ukiigonga nyundo inabana siku mbili, kisha yale yale.

Mkasi haukati kama kisu. Unakata kwa taya mbili zinazopishana huku zimegusana, na kadiri bati lilivyo jembamba ndivyo linavyozidai zibanane. Ndiyo maana mkasi uliochoka unaweza kukata bamba la milimita moja, halafu ukashindwa na bati jembamba la paa. Siku hizi makali nayaacha mwisho. Natafuta kwanza boliti yenye nati ya kukazia. Nafungua taya nusu, nazisukuma kushoto na kulia. Zikicheza mkasi ukiwa bado mpya, naurudisha. Kisha naufunga polepole nikiuelekeza kwenye mwanga: taya ziguse mahali pamoja, na pahali hapo pasogee kutoka kwenye boliti hadi nchani bila kuruka.

Taya ziwe za chuma cha kufua, si cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), kwa sababu cha kusubu hukatika ghafla. Mikasi mingi mizuri huandikwa kuwa ina kromu na molibdeni, metali za kuimarisha chuma.

Ile yenye viungo viwili, iliyozaliwa kwenye kazi za ndege, ndiyo naipenda zaidi, maana mkono hauchoki haraka. Rangi za mipini yake si mapambo: kwa kawaida nyekundu hupinda kushoto, kijani kulia, njano hunyoosha. Mingi hukomea geji 18 kwa chuma laini, yaani kama milimita 1.2, na kwa chuma cha pua hushuka hadi geji 22 hivi. (Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, wapo wanaolisoma hili kinyume na kuulaumu mkasi.) Springi ikivunjika msihangaike, hiyo hubadilishwa.

Kuna atakayesema grenda inamaliza ubishi. Kwa bati lenye zinki sikubali. Cheche huunguza zinki ukingoni, na chembe za moto zinazotua juu ya bati huota kutu. Msumeno nao, hata wa meno 32 kwa inchi, una nafasi ya karibu milimita 0.8 kati ya jino na jino. Bati la nusu milimita huingia humo likanyofoa meno, labda ulibane kati ya mbao mbili ukate vyote pamoja.

Mkasi wangu wa sasa una pengo karibu na ncha, kazi ya mtu niliyemwazima akakatia msumari. Nati nimeikaza mara tatu, na bado unakata. Ule wa ribiti upo pia. Tunafungulia maboksi.