Hoja ya kutokuwa na la kuficha haitoshi
Makala ninayoijibu inadai kwamba mwananchi asiye na la kuficha hana sababu ya kuhofia serikali ya Kenya kuunganisha sajili za vitambulisho, kodi na afya. Naona swali limewekwa vibaya, kwa kuwa linalopaswa kuulizwa ni nani anayefungua faili hizo, na kwa idhini ya nani. Mwaka 2019 tulipanga foleni kujiandikisha kwa Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa huduma za serikali, miezi kadhaa kabla ya Sheria ya Kulinda Data kupitishwa Novemba. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza ukusanyaji wa DNA na wa vipimo vya GPS vya mahali pa makazi ya mtu, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha haikutangulia.

Mwaka huohuo wa 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameorodheshwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa wasivyovijua. Nilikuwa mmoja wao. (Nashuku yale madaftari ya mabawabu, ambamo tunaandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu kila tuingiapo jengo la ofisi hapa jijini, ingawa siwezi kuthibitisha.)

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, lakini mimi nataka kitu ninachoweza kukikagua mwenyewe: orodha, kwenye simu yangu, ya ofisi zilizotazama taarifa zangu na tarehe zilipozitazama, kama wanavyoweza kuona raia wa Estonia.