Majivu ni yale yale, umati uko wapi?

Filamu ya The Road ilitoka mwaka 2009, DVD yake mwaka uliofuata, na kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, wengi wanaijua kwa jina la Kifaransa, La Route. Nakala niliyo nayo iko kwenye flashi, imebanwa kati ya filamu za karate na za Kinijeria. Baba na mwanawe wasiotajwa majina wanatembea kuelekea baharini katika Marekani iliyoungua. Jua halionekani, shamba halioti kitu, na baadhi ya walionusurika wanakula watu. Bastola ya baba ina risasi mbili. Nimeiangalia mara tatu, katika sebule tatu, na mara zote tatu watu waligawanyika.

Lawama inayotangulia siku zote ni kwamba filamu haielezi. "Sasa ni nini iliunguza dunia? Batuambie!" jirani mmoja alilalamika, na kweli hadi mwisho hatuambiwi. Hiyo hainisumbui. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 wengi wetu tulijua Nyiragongo, volkano yetu, imepasuka kwa kuona anga jekundu, si kwa tangazo. Mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni haulizi chanzo, anauliza kama mpaka wa Gisenyi, mji jirani wa Rwanda, uko wazi.

Wanaoisifu huanzia kwenye majivu. Sehemu ya picha zake zilichukuliwa kwenye mlima St. Helens, volkano ya jimbo la Washington iliyolipuka Mei 1980, na nyingine Louisiana, mahali palipovunjwa na kimbunga Katrina. Kwa hiyo ile miti iliyolala na ule ukungu wa kijivu havimdanganyi mtu wa huku. Kinachochekesha ni kigari cha dukani ambacho baba anasukuma njiani. Vigurudumu vile vidogo, juu ya mawe ya mtaa wetu wa Ndosho, visingefika hata kona ya kwanza. Kijana mmoja alisema wangempata fundi wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, mapema, filamu ingekwisha kwa nusu saa.

Ugomvi wenyewe uko kwingine. Shemeji yangu, aliyekimbia Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, anasema filamu hii ni ya uongo kwa sababu haina watu. Anachokumbuka yeye ni msongamano: mamia ya maelfu njiani, wageni wakibebeana watoto, familia ya Gisenyi iliyowalaza kumi na wawili katika chumba kimoja. Na kabla lava haijapoa, anasema, kuna mama alikuwa amekwishatandika kitambaa juu ya jiwe, anauza sukari kwa kijiko. Hata Januari 2025, maji ya bomba yalipokatika wakati wa vita, tulishuka ziwani na mabido yetu, yaani madumu ya maji, kwa makundi. Baba yule, kwa maneno ya shemeji, "anaishi kama mutu asiye na ukoo".

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi mambo. Shemeji anakumbuka wiki ya kwanza. Filamu inaonyesha miaka mingi baadaye, sukari imekwisha na anayeiuza hayupo. Tena Goma ile ile ya 2002, siku chache baada ya lava, ilishuhudia watu wakichota mafuta kwenye kituo cha petroli kilichozungukwa na mawe ya moto. Kililipuka, makumi wakafa. Umati unaosaidia ndio huo huo unaopora, wakati mwingine asubuhi na jioni ya siku moja. Nilipomkumbusha shemeji hilo alinyamaza kidogo, kisha akaniomba chai.

Kwangu mimi filamu inasimama au kuanguka kwenye tukio la mwizi. Wako ufukweni, mtu anawaibia kigari na kila kilichomo. Baba anamfuata, anamshika, anamvua nguo zote hadi viatu na kumwacha uchi kwenye baridi. Mtoto analia, anamsihi baba warudi. Wanarudi, mtu hayupo, nguo zinabaki pale. Mwizi huyo ni Mmarekani mweusi, na kaka mmoja hakulimeza: kwa nini tena sisi? Nilikubaliana naye. Ila katika sebule zote tatu nilisikia pia watu wakimtetea baba, na watetezi wengi walikuwa wenye watoto wadogo. Mama mmoja alisema bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Angemuacha aende nayo, mtoto angekula nini kesho?"

Sijui kama alikosea. Najua tu kwamba yule mtoto, aliyezaliwa baada ya dunia kuungua na asiyejua ukarimu isipokuwa kwa kuhadithiwa, ndiye pekee anayefanya kile ambacho shemeji anasema watu wa Goma hukifanya. Kwa hiyo umati anaoutafuta huenda umo, umebaki mtu mmoja tu, mwenye umri wa darasa la nne. Wanaosema filamu imekata tamaa hawakumtazama vizuri. Wanaosema ni nzito mno nawaelewa: baada ya mwaka tuliokuwa nao, si kila mtu anataka kulipia giza jingine.

Mwishoni baba anakufa, na familia isiyojulikana inajitokeza kumchukua mtoto. Hapo kelele huwa kubwa. Ni watu wema au wanamnenepesha? Mama mkwe wangu, aliyekuwa amesinzia tangu katikati, alifungua macho na kuonyesha kwa kidole pembeni ya kioo.

"Wana mbwa," alisema. "Njaa yote hii, na hawajamla."

"Mama," shemeji akamjibu, "labda zamu yake haijafika."