Mtoto akifungua redio, tusikimbilie kumwita injinia

Mtoto wa miaka sita akifungua redio na kutawanya skrubu sakafuni, wakubwa huwa wameshampangia kazi: injinia. Anayewafunga wadogo zake bendeji ni daktari. Mbishi asiyeshindwa, mwanasheria. Nyota njema huonekana asubuhi, tunasema, na mjadala unaishia hapo.

Ushahidi upo, tena mzuri. Jane Goodall, akiwa na miaka minne hivi, alijificha saa nyingi ndani ya banda la kuku ili aone yai linavyotoka. Mwaka 1960 alifika Gombe, katika Tanzania ya leo, kuwachunguza sokwe, kazi iliyodai subira ile ile ya bandani. Charles Darwin, aliyekuja kueleza jinsi viumbe hubadilika vizazi kwa vizazi, alipenda kukusanya vitu vya asili tangu utotoni. Baba yake alimpeleka Edinburgh mwaka 1825 asomee udaktari, ikashindikana. Akampeleka Cambridge awe kasisi, huko naye akazama katika kukusanya mbawakawa. Mwaka 1831 alipanda meli ya Beagle, safari ya utafiti iliyomfungulia njia ya sayansi. Ukitazama hivyo, mzazi asiyeona dalili anampotezea mwanawe miaka.

Ila mifano hii tumeianzia mwishoni. Tunamjua kwanza mtu mashuhuri, kisha tunarudi utotoni mwake kuokota alama zinazolingana naye. Watoto wangapi walikusanya wadudu kwa bidii wakaja kuwa wahasibu, tena wenye furaha? Hao hakuna anayewaandika. Hata wanaopima mapema hukosea. Huko Marekani, kuanzia 1921, mwanasaikolojia Lewis Terman aliwateua watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu za akili ili awafuatilie maishani. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakaachwa. Wote wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia, 1956 na 1968. Kweli, Terman alipima akili, hakupima kile mtoto anachokipenda. Lakini akili ndiyo tunayodhani ni rahisi zaidi kupimika.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mtoto hupenda kile alichokutana nacho. Asiyewahi kugusa kinanda hataonyesha dalili ya kinanda, na msichana anayefukuzwa kila akishika bisibisi hatajulikana kama mikono yake ina ufundi. Kwa hiyo tunachokiita kipaji mara nyingine ni orodha ya vitu vilivyokuwamo nyumbani.

Basi dalili ni upuuzi? Siamini hivyo. Nadhani tunaisoma mahali pasipo penyewe. Watoto watatu wanaweza kufungua redio moja: wa kwanza anataka kujua sauti inatoka wapi, wa pili anapenda kupanga vipande kwa ukubwa na rangi, wa tatu anafurahia kuwaeleza wenzake anachokifanya. Redio itasahaulika baada ya mwezi. Kuuliza, kupanga au kueleza ndiko kunakoweza kudumu, na kila kimoja kina kazi kadhaa mbele yake. Ukimwita wa tatu injinia, umeisikiliza redio, hukumsikiliza yeye. Akifika kidato cha pili akachoka na fizikia, ataona amewaangusha watu waliomwita hivyo miaka minane.

Mama yake Goodall alikuwa amehangaika kumtafuta siku ile ya banda la kuku. Mtoto alipotokea, hakumkaripia wala hakumtangaza kuwa mwanasayansi. Aliketi akasikiliza habari nzima ya yai.