Mtoto wa fosta na zamu ya hoteli, vyaingiana?

Barazani kwetu hapa Malindi tumebishana wiki mbili sasa. Kuna dada jirani, hausikipa wa hoteli moja huko njia ya Casuarina, ataka kuchukua mtoto wa fosta, yaani si wa kambo yule wa mume kuja naye, ni yule ofisi ya watoto yakupa akae kwako kwa muda na bado si wako. Nusu ya watu wasema aache kazi kwanza.

Hao nawaelewa, manake zamu yake yaanza alfajiri mtoto hajaamka, na mtoto aliyetolewa kwao si kama wako aliyekuzoea, huyu aweza kukojoa kitandani, aweza kuficha chapati chini ya mto akidhani kesho hamna, kwataka mtu ambaye hajachoka. Afu ofisa wa watoto akija kuangalia huja saa za kazi, wewe uko ghorofa ya pili watandika vitanda vya wageni.

Sheria nayo haisaidii. Mama akizaa ana likizo ya miezi 3, baba ana wiki 2, na tangu 2021 anayeasili mtoto apewa mwezi 1 na mshahara wote. Wa fosta je? Ale zile siku 21 zake za mwaka kama amebakiwa nazo.

Lakini aache kazi ale nini? Uingereza mlezi wa fosta hupewa posho ya mtoto, na kuna waajiri wanaomuongezea siku za likizo, kwa hivyo kukaa nyumbani kule si sawa na kukaa nyumbani hapa kwetu Maweni bila senti. Na serikali hii hii yetu ya Kenya ndiyo iliyotoa mpango wa 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto vituoni waende kwenye familia, sasa familia gani kama kila mwenye mshahara ataambiwa akae? Isitoshe hapa kwetu mtoto halelewi na mtu mmoja, yuko bibi, yuko shangazi, na jioni yuko chuoni, kwa mwalimu wa Kurani.

Mimi naogopa kitu kingine ambacho barazani hakuna aliyekitaja. Msichana wa miaka 12 awekwa kwa mama anayefanya kazi na mwenye mtoto mchanga. Mwezi wa kwanza ni mgeni, wa pili ashika mtoto kidogo tu, wa tatu hausigeli ashaambiwa aende kwao. Tumeyaona haya kwa watoto wa jamaa walioletwa mjini eti wasome, wakaishia karoni wakiosha vyombo. Hapo hata mama angekuwa hana kazi kabisa, yule mtoto angefanyishwa tu.

Kwa hivyo mimi nasema achukue na kazi asiache, ila mtoto aje Mei, masika, hoteli hazina watu, si Disemba wakati hata kupiga simu nyumbani hapati nafasi. Nilipomwambia alinicheka. Mei ana wakati hana pesa, Disemba ana pesa hana wakati, na mshahara wa masika, kama upo, ni nusu. Mamake wa Barani amekubali kuja kukaa na mtoto wiki za mwanzo, lakini kumuuliza supavaiza kama atapewa zamu moja isiyobadilika bado hajathubutu.