Mhandisi wa maji aanzie wapi: ofisini au mtamboni?

Anayehitimu uhandisi wa maji na majitaka hukuta milango miwili: kampuni za usanifu, zinazochora mitandao na mitambo, na mamlaka za maji, zinazoiendesha usiku na mchana. Mabishano kuhusu mlango ulio bora huishia kwenye mshahara. Lenye uzito zaidi ni kile unachojifunza mwanzo, kwa kuwa ndicho kitakachoamua makosa utakayoweza kuyaona baadaye.

Usanifu hutia adabu ya hesabu. Bomba la majitaka lisipofikisha mwendo wa mita 0.6 kwa sekunde walau mara moja kwa siku, mchanga hutuama na bomba huziba. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakisimamishwa ghafla, presha hupanda kwa baa 10 hivi. Asiye na msingi huu ataziba mipasuko mwaka baada ya mwaka, asijue kwamba inaletwa na mawimbi ya presha kila umeme ukikatika na pampu kuzimika.

Ila mchoro haunuki, wala haubadiliki usiku. Chukua mtambo unaosafisha majitaka kwa bakteria na hewa. Jaza silinda ya lita 1 kutoka tangi la hewa, subiri dakika 30, soma mililita za tope lililotuama, kisha gawanya kwa gramu za tope kavu zilizomo kwenye lita hiyo. Mililita 300 kwa gramu 3 ni 100: salama. Ikipita 150, huenda bakteria wa nyuzi, wanaozuia tope kutuama, wamezidi, na tope litaanza kutoroka na maji yaliyosafishwa. Mgeni hukimbilia kuongeza hewa. Mzoefu hutazama darubini, kisha hupima oksijeni. Ikiwa tayari ni miligramu 2 kwa lita, kasoro iko kwingine, pengine upungufu wa naitrojeni au fosforasi, virutubisho vya bakteria. Kupuliza hewa mara nyingi hula karibu nusu ya umeme wa mtambo, kwa hiyo kubahatisha huko kuna bili yake.

Mtambo nao una ubaya wake: zamu, vyeo vinavyosuasua, na haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu ya majitaka, ambayo ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huua uwezo wa pua kuinusa. Anayeingia chemba bila kipima gesi anacheza na roho yake. Tena ukikaa miaka 10 kwenye mtambo mmoja, unabaki mtaalamu wa mtambo huo tu.

Kwa maoni yangu, anza mtamboni, kisha hamia usanifu kabla mazoea hayajakufunga. Anayelenga mabwawa au mifano ya kompyuta ya mitandao ya mabomba anaweza kuruka hatua hiyo, wengine wasiiruke. Pampu iliyowekwa mahali pasipo nafasi ya kuinyanyua kwa kawaida ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kuifungua.

Lakini si kila mtambo unafundisha. Kabla ya kusaini mkataba, omba daftari la vipimo vya klorini, dawa ya kuua vijidudu majini. Kama kila saa, mwezi mzima, limeandikwa 0.5, hakuna anayepima.